Halmashauri imiliki mfereji, bando iwaachie wengine

Neno "mtandao" limebeba vitu vinne, na mjadala wa kama halmashauri ijenge na kuendesha intaneti yake huharibika pale vinne hivyo vinapofungwa kwenye furushi moja. Kuna mfereji na bomba la plastiki lililozikwa ndani yake. Likizikwa vizuri linadumu miaka 30 na zaidi. Kuna waya wa faiba unaopita ndani ya bomba, ambao huhesabiwa miaka 20 hadi 25. Kuna vifaa vya umeme vinavyopitisha mwanga kwenye nyuzi hizo, yaani swichi, ruta, chaja na feni: miaka 5 hadi 7, na betri kwenye joto la Bahi, wilaya ya mkoani Dodoma, zinaweza kuzimika baada ya miaka 3. Halafu kuna huduma yenyewe: kumuunganisha mteja, kumtoza, kupokea simu yake saa tatu usiku akiuliza kwa nini mpira umekwama dakika ya themanini. Hiyo haina umri. Inaanza upya kila siku.

Halmashauri zetu zinajua kuishi na kitu cha aina ya kwanza. Pale Nzuguni, Jiji la Dodoma lina stendi kuu ya mabasi na Soko la Job Ndugai. Mali ya namna hiyo ikishasimama, inadai ulinzi, usafi na mkusanya ushuru. Haidai uamuzi wa kiufundi kila saa. Kitu cha nne kina tabia nyingine kabisa, na ndicho ambacho watu wengi hukifikiria wanaposema "halmashauri ituletee intaneti".

Msimamo wangu ni huu: halmashauri imiliki bomba, na pale inapoweza imiliki pia faiba tupu iliyomo, yaani nyuzi bila vifaa vya kuziwasha, ikodishe kwa bei moja kwa kila mwenye leseni. Isiuze bando. Isitume ankara kwa kaya. Kata ambazo hakuna atakayekuja kukodi hata bomba likiwepo zina jibu lake tofauti, nitalifikia mbele.

Ardhi kwanza

Gharama kubwa ya faiba ni kuchimba. Waya wenyewe ni rahisi ukilinganisha na mikono, mashine za kijiko na siku zinazotumika kuufukia. Na Dodoma haina ardhi moja.

Mjini na vitongoji vyake utakutana na graniti, mara nyingi kabla hujafika nusu mita. Kipimo cha kawaida cha mfereji ni kina cha mita 1.2, lakini kwenye mwamba hakuna mkandarasi atakayekufikishia hapo kwa bei ya udongo. Kinachofanyika ni kukata mwamba sentimita 50 hadi 60, kulaza bomba, kisha kulifunika kwa zege la sentimita 15 hivi. Hilo linakubalika. Lisilokubalika ni mkandarasi kuchimba sentimita 40, kufukia na vifusi vilevile vya mawe, na kuandika 1.2 kwenye taarifa. Mawe yenye ncha yakilala juu ya bomba, lori la kwanza kupanda pembeni mwa barabara linalikandamiza, na hutajua mpaka siku unapoupuliza waya kwa hewa ya shinikizo uingie bombani na ukagoma mita 340 ndani.

Upande wa Bahi tatizo ni kinyume. Udongo mweusi wa mbuga unavimba masika na kupasuka kiangazi, nyufa zinazoweza kumeza mkono mzima. Jina la Dodoma lenyewe husimuliwa kuwa limetokana na neno la Kigogo la kudidimia, kwa sababu ya tembo aliyezama matopeni. Bomba nalo hudidimia. Udongo ule unavuta mabomba mpaka yanachomoka kwenye viungio. Dawa yake ni kutumia bomba la plastiki ngumu (HDPE) la rola, lisilo na kiungio kwa mamia ya mita, badala ya vipande vya mita 6. Kulilaza juu ya mchanga wa sentimita 10 na kulifunika kwa mchanga wa sentimita 10 mingine kabla ya kurudisha udongo. Na kuacha waya wa ziada wa mita 15 hadi 20 ndani ya kila chemba (shimo lenye kifuniko la kufikia waya) yenye maungio, ili ardhi ikivuta kuwe na pa kulegeza.

Kisha kuna makorongo. Mvua ya Dodoma kwa mwaka ni ndogo, kati ya milimita 500 na 600 hivi, lakini inashuka Desemba hadi Aprili kwa vishindo. Mmomonyoko wa Kondoa ulikuwa mkubwa kiasi cha Serikali kuanzisha mradi wa HADO mwaka 1973 ili kuukabili. Korongo lililokauka mwezi Agosti linamdanganya mpimaji: anaona mchanga mtupu, anapitisha bomba mita 1.2 chini yake, na kufikia Februari maji yameshachota mchanga wote na bomba linaning'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo. Palipo na daraja, funga bomba la chuma la mabati ubavuni mwa daraja, upande ambao maji yanatokea, si upande yanakoingilia, maana magogo yanayoletwa na mafuriko hupiga ule wa kuingilia. Pasipo na daraja, shuka mita 2 chini ya mchanga na uzungushie zege.

Wapo wanaosema nguzo ni nafuu, na ni kweli, kwa miaka ya mwanzo. Lakini nguzo ya mti isiyotiwa dawa sawasawa huliwa na mchwa kuanzia usawa wa ardhi, na moto wa kusafisha mashamba kati ya Septemba na Novemba huyeyusha ganda la waya bila kuukata. Hitilafu hiyo ni mbaya kuliko kukatika, kwa sababu mwanga unaendelea kupita ukiwa dhaifu na fundi anazunguka siku tatu akikagua vifaa vizima. Nguzo nazitetea kwa kilomita chache za mwisho kuelekea shule au zahanati. Kwa njia kuu, hapana.

Adui mkubwa kuliko wote, hata hivyo, ni greda na kijiko. Barabara inapanuliwa, bomba la maji linalazwa, mtu anachimba msingi wa fremu ya duka. Faiba inakatwa na aliyekata anafukia haraka na kuondoka. Pia wapo wanaofukua wakidhani watapata shaba. Utepe wa onyo uzikwe sentimita 30 hadi 40 juu ya bomba, ili kijiko kiuguse kabla hakijafika kwenye bomba lenyewe, na vigingi vya zege viwekwe kila mita 50 vikiwa vimeandikwa waziwazi kwa Kiswahili kwamba chini ni faiba na hakuna shaba. Maandishi hayo yameokoa waya mwingi kuliko walinzi.

Kwa nini bomba liwe la umma

Kampuni tatu zikitaka kufika mtaa uleule wa Nkuhungu au Ilazo, kila moja kwa bomba lake, barabara inachimbwa mara tatu, lami inazibwa viraka mara tatu, na wa tatu kuchimba anaweza kukata waya wa wawili wa mwanzo. Halafu zote zinarudi kupigania wateja walewale mia mbili waliopo jirani na barabara kubwa, kwa sababu fedha imeishia kwenye mfereji. Bomba moja linaloweza kupitisha waya za wote linaondoa upotevu huo. Anayestahili kulimiliki ni yule asiyekuwa mshindani wa yeyote kati yao na ambaye hatahama mji. Halmashauri haihami.

Stockholm ilifanya hivyo mwaka 1994. Mji ulianzisha kampuni yake, Stokab, ikajenga faiba tupu na kuikodisha kwa yeyote, bila kuuza intaneti kwa wananchi. Karibu na kwetu, Google ilijenga mkongo wa mjini Kampala mwaka 2013 kwa mpangilio wa jumla kama huo, watoa huduma wakinunua njia badala ya kila mmoja kuchimba yake. Mmiliki kule si serikali, ila mgawanyo wa kazi ni uleule.

Mfano unaopendwa zaidi kwenye mijadala ni Chattanooga, Marekani, ambako shirika la mji liitwalo EPB lilianza kuuza gigabiti 1 kwa sekunde katika eneo lake lote mwaka 2010. Ni mafanikio ya kweli. Lakini habari hiyo ikisafiri hadi huku huacha nusu yake njiani. EPB ni shirika la umeme tangu miaka ya 1930: lina nguzo, magari ya ngazi, mafundi wa zamu, na ankara inayofika kila nyumba. Juu ya hapo, serikali kuu ya Marekani iliipa ruzuku ya dola milioni 111.5 kwa ajili ya gridi ya kisasa iliyotumia faiba hiyohiyo. Hapa kwetu umeme ni wa TANESCO, shirika la taifa. Maji mjini ni ya DUWASA, vijijini ni ya RUWASA. Halmashauri haina gari la ngazi wala fundi wa zamu ya usiku. Anayesema "tufanye kama Chattanooga" anaomba paa kabla ya kuta.

Na isidhaniwe kwamba kukodisha kwa jumla peke yake ni kinga. Provo, katika jimbo la Utah, ulijenga mtandao wake kwa takriban dola milioni 39, na sheria ya jimbo iliuzuia kuuza rejareja, kwa hiyo uliuza kwa jumla. Ulishindwa hata hivyo, na mwaka 2013 ukauachia Google kwa dola 1 huku wakazi wakibaki na deni la hati fungani. Mji ule ulimiliki na mitambo yote ya kuwasha faiba, ukakopa kabla ya kuwa na wapangaji wa kutosha. Burlington, Vermont, wenyewe uliuza hadi mlangoni mwa mteja na ukaishia kushtakiwa na benki iliyoukodisha vifaa. Kutokana na hayo nachukua masharti mawili: halmashauri isimiliki kinachochakaa ndani ya miaka saba, na isikope kwa ajili ya kilomita ambazo hakuna mpangaji aliyeweka sahihi.

Sheria yetu inaruhusu mgawanyo huu. Chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, hutoa leseni ya miundombinu kando na leseni ya huduma za mtandao na ile ya huduma tumizi, na huzigawa kwa ngazi: kimataifa, taifa, mkoa na wilaya. Mwenye nia ya kukodisha bomba na faiba tupu anatafuta leseni ya miundombinu. Hahitaji kubeba mzigo wa leseni nyingine.

Kikwazo cha karibu zaidi ni barabara. Tangu TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ianzishwe mwaka 2017, barabara za wilaya haziko tena chini ya mkurugenzi wa halmashauri, na barabara kuu ziko kwa TANROADS. Halmashauri haiwezi kuamka asubuhi ikachimba hifadhi ya barabara. Inabidi ikae na wakala mezani kabla zabuni ya barabara haijatangazwa, kwa sababu baada ya mkandarasi kuondoka, bei ya bomba lilelile inazidi mara kadhaa. Barabara ya mzunguko wa nje ya Dodoma ina kilomita 112.3. Kazi kubwa ya namna hiyo, inapokuwa kifusi na mashine vipo tayari, ndiyo saa ya kupitisha mabomba, hasa yale yanayokatisha chini ya lami. Lami ikishakauka, kila mkato mmoja ni maombi ya kibali, mashine ya kutoboa chini kwa chini na wiki kadhaa.

Vipimo vya kudai: mabomba yasiyopungua matatu ya HDPE yenye kipenyo cha nje cha milimita 40 na cha ndani 33. Moja la waya wa kwanza, moja la mpangaji mwingine, moja libaki tupu kwa ajili ya ukarabati, na hilo la tatu lisiuzwe kamwe hata bei ikipanda. Chemba kila mita 250 hadi 500 mjini, kila kilomita 1 vijijini. Ncha zote zizibwe kwa vizibo vya mpira siku ileile bomba linapolazwa. Bomba lililoachwa wazi wiki mbili linajaa tope na panya, na compressor haitaupitisha waya. Kabla ya kupokea kazi, pitisha kipimo cha mbao au chuma chenye kipenyo cha asilimia 80 ya ndani ya bomba kutoka chemba hadi chemba. Kisipopita, mkandarasi achimbe pale kilipokwama.

Mwanga una bajeti yake

Diwani hahitaji kuwa mhandisi, ila kuna hesabu moja ambayo kila anayepitisha fedha hizi anapaswa kuiona. Teknolojia ya GPON, inayotumika sana kupeleka faiba majumbani, inatoa gigabiti 2.488 kwa sekunde kushuka na 1.244 kupanda, zikigawanywa kwa wateja 32 au 64 kwenye uzi mmoja. Kati ya kifaa cha ofisini kiitwacho OLT na modemu ya mteja, kwa daraja la kawaida, unaruhusiwa kupoteza desibeli 28 za mwanga (desibeli ni kipimo cha mwanga unaopotea njiani), si zaidi.

Chukua ofisi ya kata iliyo kilomita 12 kutoka makao makuu ya wilaya. Faiba inapoteza desibeli 0.35 kwa kila kilomita: jumla 4.2. Spliti, yaani kigawanya mwanga, ya 1 kwa 32 inakula 17.5. Konekta nne za nusu desibeli ni 2. Maungio sita ya desibeli 0.1 ni 0.6. Jumla 24.3. Umebakiwa na 3.7.

Hizo 3.7 ndizo zitakazolipia kila ukarabati kwa miaka ishirini. Kila waya ukikatwa na kuungwa, unaongeza maungio mawili, moja kila upande wa kipande kipya. Konekta moja yenye vumbi, na Dodoma vumbi halina likizo, inaweza kula desibeli 1 hadi 2 peke yake. Fundi akikunja waya kupita kiasi ndani ya boksi, desibeli nyingine. Ndiyo maana namuonea huruma mhandisi anayepokea mtandao mpya wenye akiba ya desibeli 1 na kuambiwa unafanya kazi. Unafanya kazi leo tu.

Kwa hiyo mapokezi yawe makali. Kila uzi upimwe kwa OTDR, mashine inayotuma mwanga na kuonyesha umbali wa kila hitilafu, kutoka ncha zote mbili, kwa mawimbi ya nanomita 1310 na 1550, kwa sababu mkunjo mbaya huonekana kwenye 1550 na kujificha kwenye 1310. Wastani wa kila ungio usizidi desibeli 0.1. Mafaili ya vipimo yakabidhiwe halmashauri yenyewe, pamoja na ramani ya mahali bomba lilipopita kweli, ikiwa na alama za GPS kwa kila chemba na kila kona. Fedha za zuio, yaani sehemu ya malipo ya mkandarasi inayoshikiliwa, zisitoke bila ramani hiyo. Mtandao usio na ramani unaposhikwa na hitilafu, OTDR inakwambia tatizo liko kilomita 7.4, na hakuna anayejua kilomita 7.4 iko wapi.

Nani anaamka

Hapa ndipo ninapoikatalia halmashauri isiuze huduma, na sababu haihusiani na uwezo wa watu wake. Maafisa TEHAMA wa halmashauri wanajua kazi. Wanaendesha mifumo ya mapato, ya hospitali na ya manunuzi kwa vifaa haba. Tatizo ni mwendo wa fedha na uhamisho.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Faiba ikikatwa Julai 4, fungu la matengenezo mara nyingi halijatulia. Unahitaji boksi la maungio, mita 200 za waya, mafuta ya gari na posho ya mafundi wawili. Kwa taratibu za kawaida, ombi linaandikwa, linapita kwa mkuu wa idara, kwa mweka hazina, kwa mkurugenzi, kisha NeST, mfumo wa manunuzi ya umma. Taratibu hizo zipo kwa sababu nzuri; fedha ya umma lazima ilindwe, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu atakuja kuuliza. Lakini mteja aliyelipia bando hawezi kusubiri wiki mbili, na akiondoka harudi. Halafu afisa aliyefundishwa kutumia mashine ya kuunga faiba anahamishiwa mkoa mwingine, na mashine inabaki kabatini.

Hata kwa faiba tupu pekee matengenezo yapo, kwa hiyo yapangwe kabla ya siku ya kwanza. Njia inayofaa ni mkataba wa mwaka mzima na kikosi cha mafundi, bei za kila kazi zikiwa zimekubaliwa mapema: kufika ndani ya saa 2 mjini na saa 5 vijijini, kurudisha mawasiliano ndani ya saa 8 na saa 24, na faini kwa kuchelewa. Stoo ya halmashauri iwe na angalau rola moja ya kilomita 2 ya waya unaofanana kabisa na uliozikwa, maboksi 10 ya maungio na mita mia chache za bomba. Fundi mmoja mzoefu huunga waya wa nyuzi 24 kwa saa 3 hadi 4, ukihesabu kumenya na kusafisha. Mabomba yakiwa na chemba nzuri, kazi ya siku moja inatosha.

Mapato ya kodi ya bomba yana mtego wake. Wapangaji hupenda mkataba wa miaka 15 unaolipwa wote mwanzoni, na baraza lolote litafurahia kuona fedha hiyo mwaka wa uchaguzi. Ikiingia kwenye kapu la mapato ya ndani itajenga madarasa, na madarasa yanahitajika. Baada ya hapo baraza lijalo litarithi miaka 13 ya matengenezo bila senti inayoingia. Mkataba utenganishe malipo mawili: ya mwanzoni, ya kurudisha gharama ya ujenzi, na ada ya matengenezo ya kila mwaka kwa mita ya bomba au kwa jozi ya nyuzi, inayoingia kwenye akaunti yake na isiyoguswa kwa kitu kingine. Bei ibandikwe hadharani. Waya ukiwa na nyuzi 48, mpangaji mmoja asipewe zaidi ya 8, nyuzi 4 zibaki za halmashauri, 2 za vipimo. Aliyekodi na asiwashe ndani ya mwaka mmoja anyang'anywe, la sivyo kampuni kubwa itakodi ili tu kumfungia njia mdogo.

Kata ambazo hakuna atakayekuja

Hoja nzito dhidi ya yote niliyosema ni kwamba bomba halimvuti mtoa huduma mahali pasipo na wateja. Kata za mbali za wilaya ya Chemba, au vijiji vya wilaya ya Mpwapwa nyuma ya milima, hazitapata mpangaji hata bomba likitolewa bure. Ni kweli. Kule halmashauri ina silaha nyingine ambayo haitumiki vizuri: yenyewe ni mteja mkubwa.

Kata ya kawaida ina kituo cha afya au zahanati, sekondari, ofisi ya mtendaji na mashine za kukusanyia ushuru. Kwa kupanga, kituo cha afya kipewe megabiti 10 kwa sekunde, sekondari yenye kompyuta 40 ipewe 50, ofisi ya kata 5. Ni 65 kwa kata. Kata 20 ni 1,300 kama wote wangetumia kwa pigo moja, jambo lisilotokea, kwa hiyo 400 hadi 500 za pamoja zinatosha kuanzia. Mara nyingi kila ofisi hununua bando yake kwenye simu ya mtumishi. Mahitaji hayo yakikusanywa kwenye mkataba mmoja wa miaka 3 hadi 5, unaolipwa kila robo mwaka bila kukosa, mtoa huduma ana sababu ya kusimamisha mnara, na akishasimamisha, kijiji kizima kinanufaika. Sharti gumu hapo ni "bila kukosa". Madeni ya ofisi za umma ndiyo yanayowafukuza watoa huduma wadogo vijijini, kuliko umbali. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya 2006, unaweza kubeba pengo la ujenzi. Hautalipa ankara za kila mwezi za halmashauri.

Pasipofikika kwa waya, redio. Vilima vya graniti ni zawadi, kwani antena ikikaa juu yake inaona mbali. Kwenye tambarare hesabu inabadilika. Kiungo cha kilomita 20 kwa masafa ya gigahezi 5.8 kinahitaji, katikati ya njia, nafasi wazi ya karibu mita 10 kwa ajili ya kutanuka kwa wimbi, pamoja na mita 6 za mviringo wa dunia. Weka miti ya mita 10 hapo kati na unahitaji minara ya mita 26 kila upande. Nguzo ya mita 12 juu ya paa la ofisi ya kata itashika mawimbi siku ya uzinduzi, kiangazi miti ikiwa haina majani, na kupotea Januari. Kondoa ina somo lake tayari: mtandao wa kijamii uliowekwa kule na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dodoma kwa kushirikiana na Internet Society ulitumia nafasi tupu za masafa ya televisheni, ambayo ni ya chini na hupita kwenye miti na mabonde vizuri kuliko gigahezi 5. Kwa mtandao wa namna hiyo, halmashauri itoe mnara, eneo na umeme, na jumuiya ya watumiaji iendeshe, kama vyombo vya watumia maji vinavyoendesha visima.

Umeme usisahaulike. Kituo kidogo chenye mzigo wa wati 150 kinakula kilowati-saa 3.6 kwa siku. Betri moja ya lithiamu ya volti 48 na ampea-saa 50 ina 2.4, na ukitumia asilimia 80 tu ili isife mapema, inakushikilia karibu saa 13. Kwa kukatika kwa umeme kwa usiku mmoja inatosha. Kwa nguzo iliyoanguka na kusubiri siku mbili, haitoshi. Paneli za sola ziwepo.

Bajeti zinazoandaliwa sasa hazihitaji kungoja sera mpya. Afisa TEHAMA akae na mhandisi wa TARURA na waongeze mistari mitatu kwenye BOQ, yaani orodha ya kazi na vipimo vya mkandarasi, ya kila barabara ya wilaya itakayotengenezwa. Wa kwanza: mabomba mawili ya milimita 110 yanayokatisha chini ya barabara kila mita 500 na kwenye kila makutano, ncha zake zikitokeza mita 1 nje ya mtaro. Wa pili: bomba la chuma la milimita 100 ubavuni mwa kila daraja na kila kalvati kubwa. Wa tatu: kuweka alama za GPS za vyote hivyo na kukabidhi faili lake kwa halmashauri pamoja na funguo za chemba.